Kitanda Kisicho na Mvungu

Siku nilipokwenda Keko kuagiza kitanda, fundi aliniuliza swali moja tu la maana. "Bosi, chini unataka pawe wazi au nizibe?"

Nikamwambia azibe. Nilikuwa nimemwonyesha picha kwenye simu: jukwaa la mbao lililokaa karibu na sakafu, pembe nne zilizonyooka, hakuna matendegu marefu wala urembo wa kuchonga. Kilinivutia kwa sababu kilikuwa rahisi, na kwa sababu kilikuwa kifupi. Bibi yangu alikuwa anakuja kutoka Pangani kwa ajili ya kliniki ya nyonga na mgongo, angekaa kwangu miezi kadhaa, na niliogopa kitanda kirefu kingemwangusha usiku. Ningempa chumba, mimi nilale sebuleni. Fundi akapima, akaniambia mbao za mtiki, chaga kumi na mbili, futi 4 kwa 6, kimo cha inchi 10 kutoka chini.

Godoro nililinunua mwenyewe, na hapo ndipo nilipokosea. Dukani nilikaa juu ya magodoro matano. Nilibonyeza kwa kiganja, kama mtu anayechagua papai. Lililobonyea zaidi ndilo niliona ndilo bora. Muuzaji akanisifu kwa chaguo langu, akasema hilo ni la wafalme. Inchi 10, kitambaa chenye maua ya kung'aa. Nililipa fedha za kazi ya kukusanya data niliyomfanyia mhadhiri mmoja likizo nzima, nikalifunga juu ya bajaji, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mjukuu aliyesoma.

Usiku wa tatu niliamka kwenda kunywa maji, nikaona taa ya chumbani inawaka. Bibi alikuwa amelala sakafuni, juu ya mkeka aliokuja nao kutoka Pangani, kanga moja kichwani na nyingine miguuni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, hakuna aliyekilalia.

"Bibi, vipi tena?"

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "godoro lako linanimeza. Nikigeuka halinitoi."

Nilikaa pembeni yake kwenye saruji ya baridi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia, mtu wa kusoma nyaraka za forodha za karne ya 19, nimeshindwa kumnunulia bibi yangu mahali pa kulala. Wiki zilizofuata nilifanya jambo ambalo watu wa fani yangu hufanya tunapoaibika: nilikwenda kusoma.

*

Nilianza na neno lenyewe. Kitanda kinatokana na kutanda, kutandaza kitu mpaka kienee. Kitanda cha pwani cha zamani kilistahili jina hilo. Kilikuwa na matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, na katikati hapakuwa na ubao wowote. Palikuwa na kamba iliyowambwa kwenda na kurudi, huku na huku, mpaka ikawa wavu mnene. Kamba ikilegea, unaikaza. Ikichakaa, unamwita mtu wa kuwamba upya. Juu yake unatandika mkeka, na aliyejaliwa anaongeza mfarishi mwembamba. Mara nyingi hayo yalitosha.

Yalitoshaje? Jibu la swali hilo nilikuta limeandikwa karibu miaka 700 iliyopita. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliendelea na safari hadi India, na huko akashangazwa na vitanda. Anaeleza kwamba ni vyepesi, mtu mmoja anaweza kubeba kimoja, vina miguu minne na mbao nne zilizosukiwa nyuzi za hariri au pamba. Kisha anaongeza jambo ambalo muuzaji wangu hakuniambia: ukilala juu yake huhitaji kitu kingine cha kukilainisha, kwa sababu kina ulaini wake chenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kosa langu. Kitanda cha kamba kinabonyea. Bega likiwa zito, kamba zinashuka kidogo pale penye bega. Nyonga ikiwa nzito, zinashuka pale penye nyonga. Kiuno kinabaki kimeshikiliwa. Upepo unapita chini na juu, na kwenye joto la pwani hilo si jambo dogo. Mkeka ulihitajika tu ili kamba zisichore mgongo. Kazi yote ya kuupokea mwili ilifanywa na kitanda.

Jukwaa la mbao halifanyi kazi hiyo hata kidogo. Ubao haushuki. Ukiacha kamba ukachukua mbao, umeutoa ulaini kwenye kitanda na kuuhamishia wote kwenye godoro. Kwa hiyo godoro la kitanda cha jukwaa si pambo la juu, ndilo kitanda. Mimi nilikuwa nimemlipa fundi kwa makini, nikachagua mbao kwa makini, kisha sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo yenye kazi, nikaichagua kwa kiganja.

*

Neno godoro lilikuja kwa maji. Wagujarati wana godadu, mfarishi mnene wa kushonwa, na mtu akiyasikia maneno haya mawili hahitaji kuwa mtaalamu wa isimu ili ashuku kwamba ni ndugu. Upande mwingine wa dunia, majina ya godoro ya Waitaliano, Wafaransa na Waingereza yanatokana na Kiarabu matrah, mahali pa kutupia kitu. Watu wa Ulaya walijifunza kutoka kwa Waarabu kutupa mito chini na kulala juu yake. Neno la Kiswahili lenyewe lina mwelekeo wa Bahari ya Hindi, kama zilivyo bidhaa nyingi ninazozikuta kwenye nyaraka zangu.

Ndani ya godoro mliwekwa nini? Inategemea ulikuwa nani, na ulikaa wapi. Kulikuwa na sufi, ule uzi mwepesi unaotoka kwenye maganda ya msufi. Sufi ni laini na hainyonyi maji upesi, ndiyo maana ilijazwa pia kwenye maboya ya kuvaa ya mabaharia. Wakati wa utawala wa Wajerumani ilikuwa miongoni mwa mazao ya mashambani katika nchi yetu, pamoja na mkonge na mpira. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, Wamarekani waliikosa sufi kiasi kwamba waliwatuma watoto wa shule kuokota maganda ya mmea mwingine wa porini ili wajazie maboya. Sufi ina kasoro moja: hushikana na kulala. Mto wa sufi unahitaji kuanikwa na kupigwapigwa juani, la sivyo baada ya muda unalalia kipande cha mkate mkavu.

Kulikuwa na pamba. Kuhusu pamba sitaki kupita haraka mno, kwa sababu watu wa kusini mwa nchi hii walilazimishwa kuilima, na Julai 1905 huko Nandete, kwenye milima ya Wamatumbi, walianza vita vya Maji Maji kwa kung'oa mimea yake shambani. Sijui mtu anawezaje kusoma historia hiyo kisha akalitazama godoro la pamba kama kitu cha kulalia tu. Waliolilima zao hilo walilala juu ya mikeka.

Na kulikuwa na usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Kwa kazi hii wanawake wa pwani walifukia makumbi kwenye tope la ufukweni, maji ya bahari yakaja na kuondoka juu yake kwa miezi, kisha wakayafukua na kuyaponda kwa vigongo mpaka nyuzi zikaachana. Kwa usumba walisokota kamba za majahazi, na kamba zile zile ndizo zilizowamba vitanda. Baadaye usumba ukaingia ndani ya magodoro. Mama yangu alilalia godoro la usumba shule ya bweni. Anasema lilikuwa na vilima na mabonde, na kila msichana aliyajua ya kwake kwa moyo. Ukihamishwa kitanda unapotea. Lakini anasema pia kwamba lilipitisha hewa na halikumzamisha mtu. Leo usumba huo huo umepandishwa cheo. Ulaya unauzwa ndani ya magodoro ya bei kubwa, umechanganywa na mpira wa asili, kwa watu wanaotaka kulala juu ya vitu vya asili. Mama alicheka sana nilipomwambia.

*

Springi na sponji ni watoto wa viwanda. Mwaka 1925 kampuni ya Simmons ya Marekani ilianza kuuza Beautyrest, godoro ambalo kila springi imefungwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa, ili bega likishuka lisiikokote na nyonga. Ukilifikiria vizuri, ni kazi ile ile ya kamba, imehamishiwa ndani ya godoro na kufanywa kwa chuma. Sponji tunayoilalia wengi wetu, ile ya poliyurethani, ilitoka kwenye maabara ya Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Iliyo laini ikaanza kutengenezwa kwa wingi miaka ya 1950. Ni povu lililoganda. Ukikata kipande ukakitazama kwa karibu, utaona vijumba vidogo vidogo visivyohesabika, na kuta zake ndizo zinazokubeba.

Swali basi ni: kuta hizo ni nene kiasi gani? Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo mawili. Ugumu ni jinsi godoro linavyokusukuma unapolikalia dukani. Uzito wa sponji ni kilo ngapi za malighafi zimo ndani ya mita moja ya ujazo. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa iwe ngumu, na ikakudanganya. Lakini nyingi ya bei nafuu ni nyepesi na laini pamoja: mengi ndani yake ni hewa, kuta zinachoka haraka, na pale unapolala kila siku panakuwa shimo.

Jirani yetu ananunua chuma chakavu na ana mizani ya kuning'iniza. Jumamosi moja nilibeba lile godoro la wafalme mpaka kwake. Vijana walinicheka, kisha wakanisaidia kulikunja na kulifunga kamba. Kilo 8 na nusu. Futi 4 kwa 6 kwa inchi 10 ni kama mita za ujazo 0.57. Nikagawanya hapo hapo kwenye simu: kilo 15 kwa mita ya ujazo. Bibi yangu, ambaye si mnene, alikuwa amelazwa juu ya mawingu, na chini ya mawingu kuna mbao.

Ingekuwa kitanda cha kamba, pengine hata godoro bovu lisingemuumiza hivyo, kwa kuwa kamba zingemwokoa.

Nilitaka pia kujua kama ni kweli, kama wazee wetu na baadhi ya madaktari wanavyosema, kwamba mwenye mgongo mbovu alale kwenye kitu kigumu kabisa. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Nusu walipewa magodoro magumu, nusu magodoro ya ugumu wa kati, bila kuambiwa yapi ni yapi. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa kati walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Niliposoma nilifikiria kamba za Ibn Battuta: wala haziwi jiwe, wala haziwi shimo.

Kwa hiyo nilirudi madukani, safari hii na futi ya kupimia na daftari, nikakubali kuonekana kero. Nilitafuta inchi 8 badala ya 10. Niliomba lipimwe, futi 4 kwa 6 kwa inchi 8, ikiwa sponji ina kilo 28 hivi kwa mita ya ujazo, godoro zima linakaribia kilo 13. Nililala chali, nikapitisha mkono chini ya kiuno: mkono ukipita kwa urahisi, godoro ni gumu mno, ukikwama kabisa kwa sababu umezama, ni laini mno. Nililala ubavu, kwa sababu Bibi hulala ubavu. Nilijumlisha kimo: inchi 10 za jukwaa na 8 za godoro ni 18, sawa na kiti cha kawaida, ili asimame bila kujisukuma kwa mikono. Lile la kwanza nililiuza kwa nusu ya bei, nikamwambia aliyelinunua ukweli wote kuhusu kilo zake. Akasema analitaka la wageni.

Fundi naye nilimrudia. Chaga zake ziliachana inchi 5, na sponji hushuka katikati ya mapengo hayo. Akaongeza nyingine ili mapengo yasizidi inchi 3. Na kwa kuwa alikuwa ameziba pande zote, alitoboa matundu upande wa ukutani, hewa ipite. Katika unyevu wa Dar es Salaam, jukwaa lisilopumua huotesha ukungu chini ya godoro.

*

Bado nilikuwa na wasiwasi mmoja. Vitanda vya Pangani ninavyovikumbuka ni virefu, na Bibi amezoea kuweka vitu vyake vyote mvunguni: sanduku la kanga, mchele, viatu vya msibani. Hiki changu hakina mvungu. Nilipolileta godoro jipya nilimwomba radhi kwa hilo.

"Hakina mvungu?" Akainama, akapapasa ubao wa ubavuni kwa kiganja, kutoka kichwani hadi miguuni. "Kizuri."

Nikadhani ananifariji. Akakaa, akageuka kidogo, godoro likamwitikia na kumrudisha. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, wala hakumwambia mama yangu.

Kadi yake ya kliniki imeandikwa kwamba alizaliwa 1947. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, alipelekwa Tanga mjini kulea mtoto katika nyumba ya watu wenye uwezo. Mama wa mtoto alilala kwenye kitanda cha samadari, kirefu, chenye kipandio. Bibi alilala chini yake, mvunguni, juu ya jamvi, ili mtoto akilia awe karibu. "Miaka minne," alisema. "Nilijua kila kamba ya kile kitanda. Mama akigeuka, vumbi linaniangukia machoni. Nilikuwa nalala nimefunika uso."

Sikuweza kusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimeshakutana na msichana huyo.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844, akaondoka kwenda Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete. Nimekisoma kitabu hicho kwa ajili ya tasnifu yangu, nikitafuta bidhaa: vitambaa, vioo, saa, samani. Anakieleza kitanda cha nyumbani kwao. Mbao za thamani, nakshi za mafundi wa India, chandarua cheupe. Miguu ni mirefu hivi kwamba mtu hupanda kwa kiti, au hukanyaga kiganja cha kijakazi. Na nafasi ya chini, anasema kana kwamba anataja kabati, mara nyingi hutumiwa kulala watu, kwa mfano yaya wa watoto au wauguzi wa wagonjwa.

Niliisoma sehemu hiyo mara mbili. Kwenye daftari langu niliandika: "Samani kutoka India, angalia ushuru." Kuhusu aliyelala chini sikuandika kitu.

Utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922. Bibi alikuwa mvunguni mwaka 1957. Hakuwa mtumwa, alilipwa, alirudi kwao Idi, na anasema mama yule hakumpiga kamwe. Lakini ile nafasi chini ya kitanda ilikuwa imekaa tupu ikisubiri mtu, na mtu akapatikana. Tunasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikuwa nimesoma miaka mitano bila kuinama.

Nilimuuliza kama ninaweza kuandika haya. Alifikiri. "Andika," akasema, "lakini usiwataje wale watu. Yule mtoto niliyemlea alinizika mama yangu." Ndiyo maana hawamo humu.

Usiku ule alilala kitandani, ingawa kwanza alitandika mkeka wake juu ya godoro jipya, kisha shuka juu ya mkeka. Nilitaka kumwambia kwamba anaharibu kazi ya kilo 13 za sponji. Usiache mbachao kwa msala upitao, alinijibu kabla sijafungua mdomo, akazima taa. Asubuhi nilimkuta bado amelala ubavu, uso wazi, na chai nikaichemsha taratibu ili vikombe visigongane.